Sentimita Tano za Daktari wa Fremu

Wanaodhani shetani hupenda giza hawajamwona Daktari wa Fremu akifanya kazi saa nne asubuhi, jua likiwaka, kando ya bwawa la kuogelea. Hapo ndipo washiriki wa trayathloni walipokuwa wakijiandikisha: watu wenye akili timamu waliokubali kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote siku moja, bila kufukuzwa na mtu.

Daktari hakuwa daktari wa chochote. Koti jeupe alilinunua kwenye mitumba. Elimu yake yote ilikuwa mifukoni mwa koti hilo: mfuko wa kulia, tepu nzima ya kupimia; mfuko wa kushoto, tepu iliyokatwa sentimita tano za mwanzo. Kwa ile nzima alipima mguu wa mteja. Kwa ile iliyokatwa alipima fremu ya mteja. Basi kila fremu ikaonekana kubwa mno, na kila mteja akashukuru kubadilishana na fremu ya Daktari, ambayo kwa kawaida ilikuwa chuma kikuukuu kilichopakwa rangi juzi.

Siku hiyo, hata hivyo, alikuwa na fremu nzuri kweli, ndogo, ya alumini, haina hata mkwaruzo. Mtaji wake wote ulikuwa humo. Samaki mkubwa hanaswi kwa chambo kibovu.

Akaja msichana mfupi akisukuma baiskeli yenye fremu ya kaboni, nyepesi kama sala ya mtoto. Bomba lake la juu lilikuwa limevishwa kitambaa cha maua, kimeshonwa kikashoneka. Daktari akameza mate.

"Binti, shingo inauma, sivyo?"

"Umejuaje?"

"Na mgongo."

"Na mgongo!"

"Ndiyo kazi yangu," Daktari alisema kwa unyenyekevu mkubwa. "Nipeleke kwa mzazi wako kabla hujapinda."

Mzazi alikuwa mtaa wa pili, fundi cherehani, mdomo umejaa pini. Daktari alilitundika koti msumarini, akapima mguu wa binti, kisha akapima fremu kuanzia kwenye ekseli ya pedeli hadi chini ya siti. Fundi aliikodolea macho ile tepu ya pili, akaanza kuzitoa pini mdomoni moja moja.

"Sitini na moja!" Daktari alilia. "Mama, hii fremu ya twiga. Mwanao anahitaji hamsini, kama hii yangu. Kwenye hii yenu, akilaza viwiko kwenye usukani, atanyooka kama shati kwenye kamba. Mashindano ya Jumamosi hamalizi."

Tuseme haki. Fremu ile ilikuwa hamsini na sita, na kwa msichana yule ilikuwa kubwa kweli. Daktari alikuwa amesema ukweli kwa mara ya kwanza tangu anunue koti, na hakujua. Mungu hutumia vyombo vya ajabu.

"Fremu kwa fremu," aliendelea. "Magurudumu na usukani vinabaki vyenu. Kazi ya kuhamisha naifanya mwenyewe, bure."

"Bure? Ubarikiwe, baba. Lakini hicho kitambaa nilikishona kwa sababu..."

"Kizuri mno, mama! Mikono yako ina neema."

Daktari alikuwa na kanuni moja: mteja akianza kusimulia, humalizia kwa kughairi. Akazirudisha tepu kwenye mifuko ya koti, akainamia spana.

"Wiki iliyopita mwanangu alianguka na hiyo..."

"Watoto huanguka, mama, ndipo hukua."

Akafungua, akafunga, jasho likamtiririka hadi kwenye soksi. Saa mbili nzima. Nyuma yake fundi naye alishona kitu kidogo, kimyakimya.

"Baba, dhamiri itanisuta nisipokwambia."

"Dhamiri yako safi, mama, inang'aa mpaka huku!"

Msichana alipanda, akazunguka uwanja. "Mama! Inanitosha!" Fundi akainua uso, midomo ikacheza. Daktari akadhani anahesabu pini. Kumbe alikuwa akishukuru: wiki nzima alikuwa ameomba fremu nyingine, ila hakutaja iletwe na nani.

Kabla ya saa tisa Daktari alikuwa kwa mnunuzi wake, mkandarasi mmoja, jitu refu kama nguzo.

"Jumamosi nikishindwa na shemeji tena," mkandarasi alisema, "dada yangu atanicheka mpaka kaburini. Fremu nzuri. Ila haya maua yatoke, mimi si bibi harusi."

Akapitisha kisu kwenye mshono. Kitambaa kikaanguka. Chini yake palikuwa na ufa wa kuingia ukucha, nyuzi nyeusi za kaboni zimechomoza kama ndevu.

"Ni... ni pambo," Daktari alisema.

"Nimejenga nyumba ishirini. Ufa naujua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuta najenga, kaboni sijengi. Ondoka!"

Daktari alirudi kwa fundi mbio, fremu begani.

"Umeniuzia ufa!"

"Mara tatu nilitaka kukwambia. Kitambaa nilikishona nyuzi zisimchome mtu."

"Nipe alumini yangu, au naenda polisi!"

"Twende sote, baba. Tutamwambia askari uliipima kwa tepu inayoanzia sita. Miaka thelathini ninapima watu, unadhani sioni?"

Daktari akatia mkono mfuko wa kushoto, akaivuta tepu. Ilianza na moja. Mbili, tatu, nne, tano, zimeunganishwa kwa mshono mdogo wa kupendeza.

"Nilikuwa na kipande cha tepu kuukuu," fundi alisema. "Ulifanya kazi bure, nami nikaona nisikae na deni la wema. Askari akiuliza, mshono huo utamwonyesha ilipokatwa."

Nje, Daktari aliketi kwenye ngazi, akaipima fremu yake mpya. Hamsini na sita. Akapima tena. Hamsini na sita. Tepu ilikuwa imeokoka.

Baiskeli ikapita kwa kasi, mpandaji amejikunja vizuri, viwiko mahali pake.

"Asante, Daktari! Shingo imepona!"

Katika kazi yake yote, huyo ndiye mgonjwa pekee aliyewahi kumponya. Daktari akajikuta amempungia mkono.