Sauti Yangu, Mikono ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa shule katangaza: Ijumaa mkaguzi anakuja kutazama somo la video na mtandao. Atakayemridhisha atakuwa mratibu wa TEHAMA. Walimu wote wakamgeukia shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, tunayefundisha naye Jiografia. Eti kwa sababu hurekodi masomo na kuyaweka kwenye ukurasa wa darasa, kwa ajili ya binti mmoja aliyevunjika mguu, anayesomea nyumbani. Na mimi je? Miaka ishirini na miwili nameza vumbi la chaki! Mratibu nitakuwa mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimejishusha. Nimemwomba shemeji anifundishe. Kakaa nami hadi mfagiaji akatufukuza. Hana hiyana: kanipa hata nywila yake nikajizoeze, akinisihi nisifute kitu. Nikamwambia mkono wangu mwepesi kama wa fundi saa. Nilipomsimulia mke wangu, alicheka hadi akashika ukuta.

Jumatano, 6 Machi

Nimejirekodi mara sita. Ya kwanza, kichwa hakimo. Ya nne, kimo kichwa peke yake. Kisha wazo! Shemeji ana video safi ya volkano: anamimina siki juu ya magadi kwenye kichuguu cha udongo. Inaonekana mikono tu. Nimeondoa sauti yake, nikaweka yangu. Nzito, ya kutetemesha madirisha! Kompyuta ikauliza kama nihifadhi juu ya ile ya zamani. Nikabonyeza Ndiyo. Ukiulizwa kwa heshima, kataa ya nini?

Alhamisi, 7 Machi

Shwari. Nimepiga pasi suruali. Mama wa yule binti kaleta karatasi ya jaribio ambalo binti kalijibia nyumbani. Kasema mwanawe alirudia video ya volkano mara tatu jana. Nikavimba kichwa.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu! Mkaguzi, mama wa makamo, katazama hadi mwisho bila kupepesa. Kisha akaniuliza kwa upole, ile rangi ya kucha huwa naipaka lini. Darasa likalipuka. Akaongeza kwamba nimegeuza mambo: uji wa moto ukiwa chini ya ardhi ni magma, ukitoka nje ndio lava. Mimi nimesema kinyume. Ishirini na miwili, miaka!

Shemeji alikuwa nyuma ya darasa. Hakucheka. Mkononi alikuwa na jaribio la binti. Binti kaandika nilivyosema, neno kwa neno. Lile somo sahihi halipo tena, nimelizika mwenyewe. Nje mlangoni shemeji kasema, "Ungeniomba, shemeji, ningekupa." Basi. Bora angenitukana.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu hakunipa chai hadi nilipovaa viatu kwenda kwa binti. Nimemkuta sebuleni, mguu kwenye plasta, juu ya mto. Nikamwambia kosa ni langu. Akainamisha macho. Alikuwa ameona kitabu kinasema vingine, akadhani kitabu ndicho kilichokosea. Mwalimu hawezi.

Nikakosa pa kuuweka uso. Nimemfundisha upya hadi adhuhuri, kwa kalamu na karatasi. Ameelewa. Alinishukuru, na shukrani ile imenichoma kuliko kicheko cha darasa zima.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji ndiye mratibu. Alikuja kumsalimia dada yake. Salamu yangu kaijibu kwa mkato, hakukaa. Majuto ni mjukuu, nami nimeshampakata.

Lazima nimwombe radhi hadharani, ukurasani, wanafunzi na wazazi wasome. Nimeandika mistari miwili, mikavu kama kuni. Bahati nzuri, mtandaoni nimekuta barua tamu ajabu ya mume akimbembeleza mkewe. Nimeinakili yote. Kila palipoandikwa "mke wangu" nimeweka "shemeji". Mengine sikugusa, mwenyewe kayapanga vizuri.

Nimebonyeza Tuma. Moyo mweupe!