Chuma Kisichonyonya Chaji

Kornel Ngollo alijua kazi mbili tu duniani: kuongea, na kuondoka kabla maneno yake hayajapoa. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake nyekundu pale Mtendeni, mbele ya karakana ya Gerson mchomeleaji, ambaye alikuwa amefunga mlango na kwenda msibani. Mara gari likaja bila mlio wowote. Gari la umeme!

Akashuka dada mmoja nadhifu, Advera. Nyuma yake, ndani ya gari, baiskeli mbili za gharama zimelazwa kama wagonjwa.

"Habari, kaka. Namtafuta fundi anifungie chuma cha nyuma cha kubebea baiskeli. Nina wageni wanaotaka kufuata njia ya zamani ya misafara hadi Ujiji."

Kornel akautazama mlango uliofungwa, kisha akazitazama baiskeli. "Fundi ndiye huyu unayemwona. Ila hili ni gari la umeme, dada. Chuma cha kawaida kitalinyonya chaji yote. Ukifika Urambo, gari limegeuka kibanda."

"Jamani! Sasa tufanyeje?"

"Linataka chuma cha reli ya Mjerumani. Hicho kimezoea safari, hakina tamaa na umeme."

Advera akaitikia kwa unyenyekevu mkubwa. Mtu anayeamini upesi hivyo hustahili kuchunguzwa, lakini Kornel hakuwa mchunguzi, alikuwa mwindaji. Akaokota chuma chakavu nyuma ya karakana, akakikaza kwa waya, akaning'iniza baiskeli. Hapo akili ikampiga kofi: kwa nini auze chuma, na gari zima liko mbele yake? Kule Ipole alikuwa na rafiki, Nestory, mnunuzi asiyeuliza kitu kimetoka wapi.

"Sasa ngoja nilijaribu gari barabarani," akasema.

"Peke yako? Kaka, mimi nawe hatujuani. Niachie basi hata pikipiki. Na kadi yake, roho yangu itulie."

Kornel nusura acheke. Atoe dagaa apewe sangara! Akampa ufunguo na kadi, tena akamfutia kiti kwa mkono wa shati.

Alishika barabara ya Sikonge akiimba. Mbele yake, nyuma ya usukani, taa nyekundu ikawa inawaka. Akadhani ni urembo. Karibu na Ipole akaruka tuta, waya ukakatika, baiskeli zikamwagika. Akashuka, akazisukumiza ndani, akarudi kwenye usukani. Kimya. Gari la umeme huwa kimya siku zote, kwa hiyo alichelewa kutambua kwamba kimya hiki kilikuwa kile kingine.

Wafuga nyuki wakapita na madumu yao ya asali. "Petroli imekwisha?"

"Halitumii petroli. Linatumia umeme."

Wakautazama msitu pande zote, wakampa pole.

Jua lilipoinama, pikapu ikafika. Wakashuka mzee mnene na Gerson, aliyekuwa ametoka msibani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naitwa Erasmus, na hilo gari ni langu. Advera alikuwa mgeni kwenye gesti yangu; akajitolea kulipeleka kwa fundi, na hela ya fundi nikampa. Sasa simu yangu inanionyesha gari liko porini. Wewe nani?"

Kornel aliona milango miwili tu: ufundi au wizi. "Fundi ni mimi, mzee. Nilikuwa nalijaribu."

Gerson akamtazama, akatabasamu. "Kama kashalipwa, kesho akifunge chuma mbele yetu. Mashine nitamwazima."

Pikapu ikalivuta gari hadi karakana. Kesho yake Kornel alikata, akatoboa, akachomelea, cheche zikimtoboa shati. Gerson alikaa kwenye kigoda na soda yake, akisema kila mara, "Hapo pinda. Fumua." Mwisho chuma kikakaa sawasawa. Mzee Erasmus akakitikisa kwa nguvu zake zote, baiskeli hazikucheza.

"Kazi safi," akasema, akimpa mkono. "Tena una moyo. Jana Advera alikuja kuniaga akiwa juu ya pikipiki nyekundu. Anasema fundi kampa zawadi, na kadi juu. Ni kweli, au tukaulize polisi?"

Kornel akafikiria jinsi atakavyowaeleza polisi gari lilivyofika Ipole.

"Ni kweli, mzee. Nilimpa kwa moyo mmoja."