Mwiba wa Hamse

Jumatano, 10 Septemba
Kapteni Kotile ametangaza timu ya baiskeli ya chuo. Nafasi tatu, na sisi ni wanne: yeye, Etabo, Tiya na mimi. Atakayeshindwa mazoezini atabeba maji siku ya mashindano. Mimi, Hamse, nibebe maji! Mama ameshatangazia mtaa mzima kwamba niko kwa timu.

Alhamisi, 11 Septemba
Mazoezi ya kwanza. Kwenda Ngaremara ni mteremko. Nilipepea. Kurudi, mlima na upepo usoni. Wallahi nilitamani kuzimia. Halafu nikakumbuka sheria yetu: mmoja akipata pancha, wote wanasimama, hakuna kuachana. Sheria tamu hiyo! Nimechuma mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole.

Jumamosi, 13 Septemba
Pumzi iliisha mapema. Nikainama kama mtu anayeangalia cheni, nikadunga gurudumu langu. Pssss! Nikajilaza kivulini nikihema kwa huzuni. Tiya akatoa tyubu, Etabo akabandika kiraka, Kotile akajaza upepo. Nikawaomba radhi. Etabo akasema nisijali, leo kwangu, kesho kwake. Niliona haya. Kidogo tu.

Jumatatu, 15 Septemba
Pancha tena. Shida mpya: wanaziba haraka mno! Hata maji sikumaliza kunywa. Halafu nikasahau mwiba kwa mfuko wa nyuma, nikakalia kiti. Wuui! Ngamia wa watu walitawanyika. Nilisema ni nyuki.

Alhamisi, 18 Septemba
Majina yamesomwa. Mimi, maji. Nimeapa kuhama chuo. Nimekataa chakula cha jioni. Baadaye nimekula, lakini kwa hasira.

Jumapili, 21 Septemba
Mashindano. Njia ya Leparua, miiba mitupu. Pancha kwa kila timu! Wageni wamesimama wakiuliza fundi yuko wapi. Wetu wanashuka, wanaziba, wameenda. Wa kwanza! Mimi nimekumbatia jerikani.
Wakati wa kupewa kombe, Kotile akaniita mbele. Akauambia umati kwamba kocha wao ni mwiba wa Hamse. Kumbe walijua tangu siku ya kwanza! Mwiba wa barabarani haudungi gurudumu ubavuni. Nikauliza mbona walinyamaza. Etabo akajibu kwamba mwenzako akichoka unamngoja, na kama anaona aibu kusema amechoka, basi unaziba pancha. Nililia. Mbele ya Mama, na majirani aliokuja nao.

Jumatatu, 22 Septemba
Nimeamka mtu mpya. Mwiba nimeutupa. Hila basi!
Jioni Kotile ametangaza mashindano ya Kulamawe. Nafasi tatu tena. Mchanga, jua, safari ndefu. Nimewaza sana, kwa faida ya timu. Pancha wanaziba vizuri, sawa. Lakini cheni ikikatika? Hawana mazoezi kabisa, maskini. Nani atawasaidia?
Nimeenda kwa Etabo kuazima koleo. Amenipa. Nilipofika mlangoni akauliza nitachoka upande gani wa Ngaremara, ili abebe chai ya kunywa wakiningoja.
Sijui alimaanisha nini.