Nimewashinda kwa Mvua ya Mawe

Jumatatu, 7 Aprili 2025
Nimejitoa kwenye kundi la WhatsApp la sisi wapeleka chakula wa Kericho. Nimechoka! Juzi mchango wa tairi ya Jairus, jana matanga. Sasa wameamua kwamba mvua ya mawe ikianza, wote tuzime programu ya oda hadi kampuni itukubalie koti za mvua na bima. Sikupinga. Nilijitoa tu bila kuaga. Wakizima, oda zote ni zangu! Umoja ni nguvu, na mimi Gekara ndiye nitakayeila.

Jumanne, 8 Aprili
Mawe yakaanguka alasiri. Wenzangu wakajibanza kwenye kibanda cha chai. Nikawapita kama msafara wa waziri. Janefer, mpinzani wangu mkubwa, akanipungia mkono nisimame. Wivu huo! Oda zikamiminika. Nimekula ugali peke yangu, simu kimya. Kimya kizuri. Kimya mno, kusema kweli. Nikasoma maoni ya wateja. Mmoja ameandika “sawa”.

Alhamisi, 10 Aprili
Balaa! Nimeteleza kwenye njia ya mashamba ya chai nikiwa na kuku wa mteja. Mimi mtaroni, pikipiki juu ya mguu wangu, mawe kichwani. Nikabonyeza “msaada”. Programu ikauliza kama nimefurahia huduma. Nikataka kumpigia mtu simu. Mtu gani? Sikumpata hata mmoja. Nililia.

Kumbe Janefer aliniona nikikata kona kuelekea huko. Akamwambia mwenyekiti wetu, Lazarus, kwamba yule mjinga hajarudi. Wakaja wote, wamelowa chapachapa. Wakanitoa. Lazarus akaniuliza kama kuaga kundini kungenivunja mdomo. Janefer akampelekea mteja kuku kwa jina langu, nisipoteze nyota zangu. Namshuku. Anamtaka mteja wangu!

Ijumaa, 11 Aprili
Mguu umevimba, haujavunjika. Wamenirudisha kundini bila hata kuniuliza. Jairus, ambaye tairi yake sikuichangia, ameniletea uji. Lazarus ameleta kibuyu cha maziwa ya mursik kutoka kwa mkewe. Nimekunywa huku machozi yananilenga. Hawa ni watu wema, nasema wazi.

Nimelala nikitafakari fundisho la wiki hii, na nimelipata. Kumbe nilikuwa naogopa mvua bure! Nikipona, wao wakizima, mimi nawasha. Tena nitaingia mashambani kabisa, kule kusikopita mtu. Nikianguka, si watakuja?