Uji Wangu na Mbuzi wa Bazilio

Jumanne, 1 Julai

Kliniki ya sukari, hapa Kibondo. Yangu imepanda tena. Ya Bazilio, jirani yangu, imeshuka. Benchi zima likampa hongera. Kumbe anafunga: anakula mchana, anakula kabla ya jua kuzama, basi. Alivyoketi pale utadhani ugonjwa ni wake peke yake.

Daktari kaniambia nirudi Jumanne ijayo. Isiposhuka, naanza sindano. Marehemu kaka yangu Kasian alianza na sindano, akakatwa mguu, tukamzika. Bazilio anasema Kasian alichelewa kuianza. Bazilio anajua kila kitu. Mimi naogopa. Mwana wa Kasian, Japhet, anaoa, na baba aliyebaki ni mimi. Nataka nisimame kwenye harusi yake kwa miguu yangu miwili.

Nitafunga. Bazilio akanionya nimwambie daktari kwanza. Yeye alipunguziwa vidonge kabla ya kuanza. Kupunguza! Kama kufunga kunashusha, na kidonge kinashusha, mimi nitafunga na kidonge nitaongeza. Hakuna haja daktari ajue. Katoka Tanga, tumbo la Muha atalijulia wapi.

Alhamisi, 3 Julai

Nimeanza. Uji wa Odilia, mke wangu, nimempa mbuzi wa Bazilio nyuma ya jiko. Kabla ya adhuhuri nikatetemeka shambani. Jasho, moyo mbio. Dawa inafanya kazi.

Odilia akauliza nina nini. Nikasema ni jua. Akatazama mawingu.

Ijumaa, 4 Julai

Mbuzi kaja mwenyewe, uji haujaiva. Odilia anashangaa mbuzi wa watu anatafuta nini kwetu.

Kesho tunakwenda Kumsenga kwa wakwe, kuzungumza mahari ya Japhet. Msemaji ni mimi. Bazilio anakuja kama shahidi. Si mimi niliyemwalika. Nimeamua leo nisile kabisa, wala kesho mpaka mazungumzo yaishe. Vidonge viwili asubuhi. Tuone nani mfungaji.

Jumamosi, 5 Julai

Aibu.

Tulipeleka mtungi wa pombe ya ndizi. Kwetu aliyeleta pombe huonja kwanza, wenyeji waone haina sumu. Nikavua kofia. Nikamtaja Kasian. Nikavuta mrija. Nikaanguka chali.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Mzee Reverien, baba wa binti, akauliza tumemletea nini nyumbani kwake. Akina mama wakawavuta watoto ndani. Vijana wakafunga njia ya kutokea. Japhet akapiga magoti, akaapa kwa kaburi la baba yake. Hakuna aliyemsikiliza. Ndipo Bazilio akashika mrija uleule, akanywa mbele ya wote, na saa yake ya kula haijafika. Akawaambia mimi ni mgonjwa wa sukari, na sukari imeniishia mwilini. Elieth, binti mwenyewe anayeolewa, akakoroga maji ya sukari. Nilipoweza kumeza, akaninywesha kijiko kwa kijiko.

Nilipopata fahamu vizuri nikamwona Bazilio, povu la pombe kwenye masharubu. Kavunja mfungo. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Reverien kasema tumshukuru Imana, Mungu wetu, na ndoa ipo. Ila siku ya harusi pombe ataonja Bazilio. Hilo limeniuma kuliko kuanguka.

Jumapili, 6 Julai

Odilia amelia tangu tutoke kanisani. Anasema Kasian naye alianza hivihivi, kwa kuficha. Japhet akaja, akaniambia taratibu: baba mdogo, nimeshazika baba mmoja, usinifanye nizike wa pili kabla sijaoa. Nikalia mbele yake, mtu mzima mimi. Nawapenda hawa watu. Nataka kuishi.

Nimewaahidi wote wawili, mkono juu ya Biblia ya Odilia: Jumanne daktari ataambiwa kila kitu.

Na ataambiwa. Lakini siwezi kukiri mbele ya benchi zima, Bazilio kakaa pale, huku sukari yangu iko juu. Habari kama hii inataka namba nzuri. Kwa hiyo kesho nafunga mara ya mwisho, na vidonge viwili.

Odilia kasema kesho atanipikia uji mzito, wenye maziwa, nirudishe nguvu. Nikamshukuru. Nimechungulia nyuma ya jiko. Mbuzi yupo.