Nilivyomfuata Mzee Shomari Hadi Kwenye Sinia

Leo nimeadhirika. Tena mchana, tena mbele ya wavuvi, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Bi Tatu, shoga yangu, barua hii wasomee wenzetu wote wa hapo Saadani kabla hawajaipata kwa watu wengine, maana huku habari imeshazunguka mtaa wetu wote wa Dunda na mie bado sijavua buibui. (Mwandiko uvumilie. Wajua nilitolewa chuo cha Kurani kabla sijahitimu.)

Mambo yenyewe ni haya. Mume wangu, Mzee Shomari, hali tena nyumbani. Mwezi mzima sasa. Asubuhi anakwenda pwani kuzungumza na wenziwe, adhuhuri anarudi, nampakulia wali, anausogeza. "Nimeshiba, mama Zaina." Ameshiba nini? Mwanamume huyu nampikia tangu ndevu zake nyeusi. Hajapata kuniachia hata ukoko. Mtaa huu wakiozesha, mimi ndiye ninayeitwa kusimamia masufuria. Leo mtu aniambie ameshiba.

Nikamnusa. (Ndiyo, nilimnusa, jana alipojilaza baada ya sala.) Ndevu zinanuka iliki na tui.

Basi nikajua. Nimeletewa mke mwenza, tena hapahapa mjini, na watu wote wanajua ila mimi. Nikaapa leo nimwone huyo mwanamke kwa macho yangu, na Shomari akabebe godoro lake.

Alipotoka tu asubuhi, na mimi nikavaa buibui, nikajifunika uso, nikabaki macho. Mahali wanapokula wanaume pale pwani napajua pote. Nikaanza kwa muuza kahawa wa karibu na forodha. Kahawa yake nzuri, mkiniuliza, ingawa vikombe anavisuuza kwa maji yaleyale tangu alfajiri.

"Shikamoo, Bi Mwanaisha."

"Marahaba." (Na hapo nimejifunika nisijulikane.) "Mzee Shomari anakula nini hapa?"

"Hali kitu, bibi. Anakunywa vikombe viwili, kashata anairudisha."

Kashata anairudisha! Shomari, ambaye kwa kashata angeweza kuuza kofia. Nikasema moyoni, huyu anabakiza nafasi tumboni kwa ajili ya mtu.

Nikaenda kwa Bi Chausiku, mchoma mihogo. Mihogo yake hakuna pwani nzima, ila pilipili anaipondea wapi sijui, na mimi sitaki kujua.

"Mihogo? Aliacha zamani," akanambia. "Anasema inamshinda."

"Inamshinda vipi?"

"Muulize mwenyewe, dada. Mimi sitaki kuingia kati."

Akainama kupuliza moto. Moto ulikuwa unawaka vizuri tu. Nikamtazama mabega, yanatikisika. Anacheka. Na huyu naye anajua, nikasema.

Ikabaki hoteli ya Mmanga, yule Mwarabu mwenye halua. Halua tamu, lakini samli yake anaitoa kwa ng'ombe gani, Mungu ndiye ajuaye. Mwanamke haingii mle. Nikasimama mlangoni nikamwita nje.

"Mzee Shomari? Haketi, bibi. Ananunua mkate ule laini, anaingia kichochoro kile, nyuma ya soko la samaki."

"Mkate anampelekea nani?"

Yule Mmanga akaanza kuikoroga halua, na halua yenyewe ilikwishaganda.

Nikakamata kichochoro. Harufu ikanipokea kabla sijafika: iliki, tui, samaki wa kupaka. Harufu ya ndevu za mume wangu, neno kwa neno. Mbele kuna ua wa makuti, mlango wazi, mkeka umetandikwa, wavuvi sita wameketi. Katikati yao Shomari, kavua kofia, kama yuko kwao. Jikoni kuna mwanamke, kanipa mgongo, moshi umemzunguka. Kanga kaifunga barabara. Kiuno cha mtu asiye na wajukuu.

Akatokeza na sinia limefunikwa kawa. Akaliweka mbele ya Shomari. Wavuvi sita wana njaa, watu wametoka baharini, na wa kwanza kuwekewa ni Shomari.

Na lile kawa, shoga. Wewe wajua kawa kwetu ni nini. Msichana anasukiwa akiolewa, limepambwa kwa ukindu wa rangi, na analifunikia chakula cha mume. Wapita njia hufunikiwa kwa ungo.

Nikaingia.

"Endelea kula, bwana harusi."

Tonge la Shomari likabaki hewani.

"Mama Zaina, kaa kitako kwanza."

"Sikai. Nimekuja kumwona mwenzangu."

Nikalinyakua lile kawa, nikalinyanyua juu wote walione. Hapo ndipo ningenyamaza, Bi Tatu. Sikunyamaza.

"Tazameni," nikawaambia. "Hata kusuka hawajui. Ukili umelegea. Rangi zimekwenda upande. Pindo hili limepindwa na mtu mwenye usingizi. Aliyelisuka kawa hili hana mikono, na aliyeolewa nalo hakufundwa."

Mvuvi mmoja akakohoa. Shomari akafumba macho.

Yule mwanamke akageuka, akaja polepole, akapiga magoti mbele yangu. "Shikamoo, somo yangu."

Sauti naijua. Nikainama karibu kabisa, pua kwa pua. Mwajuma. Mwari wangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyemweka ndani, nikamfunda, nikamfunza kukuna nazi na kukamua tui, nikampeleka kwa mumewe Vigwaza na ngoma juu.

"Kawa hili ulinisukia wewe, somo," akasema, taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa. "Nalitunza sana."

Wavuvi hawakucheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Waliutazama wali.

Nikatafuta pa kushikia. "Umerudi lini wewe, hata hukuja kuniamkia?"

"Nimerudi tangu nilipotoka edani, mume wangu alipofariki. Nimekuamkia mara tatu. Gulioni nilikushika na mkono. Ukaniuliza, mama hajambo?"

Mama yake alikwishafariki, Bi Tatu. Na aliyemwosha ni mimi.

Nikamgeukia Shomari. (Ukishindwa na wote, mume yupo.) "Na wewe kwako huoni chakula?"

Shomari akafungua kinywa, akanionyesha. Huku jino limevunjika nusu, huku pengo.

"Mawe, mama Zaina."

"Mawe gani?"

"Ya kwenye wali. Huyaoni tena unapochambua mchele. Hili la juu lilikwenda mwezi uliopita, lile la chini wiki iliyofuata. Sasa nakula laini tu, na hapa mchele unachambuliwa."

"Si ungeniambia?"

"Nikwambie wewe?"

"Ningekuelewa."

Hapo ndipo wavuvi walipocheka. Wote sita, hata yule wa pembeni mwenye uso wa msiba.

"Na nyie mlijua?" nikawauliza.

Wakatazamana. Mmoja, kijana wa adabu, akasema, "Harusi ya mwisho uliyosimamia, bibi, tulikula wote. Tulitafuna kwa heshima."

Basi mke mwenza sina. Nina macho mabovu, nina mume aliyekubali kupoteza meno mawili kuliko kuniambia maneno mawili, na nina mji mzima unaonitafunia kwa heshima. Kati ya haya sijui lipi lilinichoma zaidi. Nadhani ni lile la kawa. Nililisuka siku arobaini.

Nilitaka kuondoka. Shomari akanivuta buibui. "Kaa, mke wangu. Ule." Ana miaka mingi hajaniita hivyo mbele ya watu. Nikaketi, si kwa ajili yake, miguu tu ilikuwa imechoka. Mwajuma akanitengea upande wa jikoni, akatundika kanga wanaume wasinione, akaniwekea sahani ya wali wa nazi na kipande cha samaki wa kupaka.

Kama mtacheka, chekeni hukohuko Saadani, tena mgeukie baharini.

Nilikula polepole sana. Kila tonge nililipitishia ulimi punje moja moja, natafuta kijiwe kimoja tu, hata chembe ya mchanga, niwaite wale wavuvi waje washuhudie. Sahani ikaisha. Sikupata kitu. Nikaomba ya pili, nikatafute vizuri.