Kituo cha Maisha ya Majani, Mchafukoge

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Waheshimiwa wa meza kuu, mliokwishakaa na mlioko njiani. Waheshimiwa viongozi wa mtaa huu, wa mitaa jirani, na wa mitaa inayotamani kuwa jirani. Wafanyabiashara wa Kariakoo, wa jumla na wa rejareja. Mama Daksha, mwenye mgahawa usiopika nyama hapa hapa Mchafukoge. Ndugu wachukuzi mliosimamisha mikokoteni nyuma ya turubai. Ndugu waandishi wa habari, wote wawili. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya wastani.)

Kwa wasionifahamu, ingawa siamini kama wapo, mimi naitwa Anaeli Kisaka, Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Uratibu wa Maisha ya Majani, Kanda Maalumu ya Katikati ya Jiji, na ninasimama mbele yenu katika uzinduzi huu wa Kituo chetu nikiwa na unyenyekevu mkubwa sana, unyenyekevu ambao watu wengi wameniambia hawajawahi kuuona kwa kiongozi mwingine yeyote.

Ndugu wananchi, Maisha ya Majani ni nini? Ni dhana mtambuka. Ni paradaimu. Ni mkakati shirikishi unaomchukua mwananchi kuanzia ngozi yake ya nje mpaka utumbo wake wa ndani na kumwingiza, kwa awamu na bila kumbughudhi, katika mchakato endelevu wa mmea, ambapo asubuhi anaamka anajipaka mmea, mchana anakula mmea, na jioni anakaa na familia yake wanatafakari kuhusu mmea. (Kicheko.) Msicheke, hiyo ni sera.

Na sera hii inazaa matunda. Utafiti wetu wa kisayansi, uliofanywa kwa sampuli ya watu wanane waliokuwa wakisubiri lifti pale ofisini, umethibitisha kwamba asilimia themanini na tatu nukta nne ya wakazi wa katikati ya jiji sasa wanautambua mchicha kwa kuutazama tu, na hao asilimia kumi na sita nukta sita waliobaki siyo kwamba hawautambui, ila lifti ilifika kabla hawajaulizwa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Mimi mwenyewe ni mfano hai. Tangu mwezi wa tatu sijagusa nyama. (Mchukuzi mmoja kutoka nyuma: "Jana pale Feri ulikuwa unakula nini, bosi?") Samaki, ndugu yangu. Na ninashukuru umeuliza, kwa sababu ni fursa ya kutoa elimu kwa umma. Nyumbani kwako ukiuliza leo mboga gani, si unajibiwa samaki? Basi. Samaki ni mboga. Ofisi yangu haijabuni chochote, imerasimisha tu. (Kicheko kirefu. Mama Daksha anatikisa kichwa.)

Sasa nije kwenye matokeo yanayopimika. Naomba nimtambulishe mnufaika wetu namba moja, binti yetu Brightness. Huyu binti, ndugu wananchi, miaka miwili iliyopita alikuwa anauza duka la vipodozi Kariakoo, mtaa siutaji. Tajiri yake akamwambia: mteja atanunuaje krimu ya kung'arisha kwa muuzaji mweusi? Akaanza kujipaka mkorogo, hizi krimu zinazochanganywa kienyeji kwenye vikopo visivyo na jina. Miezi mitano haikuisha, uso ukababuka, mashavu yakachubuka, jua la saa nne tu akawa haliwezi, akawa anatembea amejifunika kanga mpaka puani. Na tajiri yule yule akamfukuza, akidai sasa anawatisha wateja. (Minong'ono ya huruma.)

Hapo ndipo mradi wetu ulipoingilia kati. Tulimbaini, tukamsajili, tukamsindikiza hospitali, tukampa lishe ya mimea na mwisho tukampa ajira. Ninaomba Brightness apande jukwaani, dakika moja tu, atoe neno la shukrani kama tulivyokubaliana jana.

(Brightness anapanda, binti wa miaka ishirini na mitatu hivi, aproni ya jikoni bado kiunoni. Mashavuni ana madoa mawili meusi ambayo hakuyaficha. Anashika maiki: "Shikamooni." Watu wazima wanaitikia: "Marahaba!" "Mimi ninamshukuru Bibi Tatu." Anaangalia katikati ya viti. "Bibi Tatu alikuwa anauza mshubiri na mafuta ya nazi pale kona. Nilimwendea nimejifunika, nikamwambia anipe jani lolote litakalonirudishia uso. Angeweza kuniuzia, hela nilikuwa nayo mkononi. Alinifunua kanga, akaniangalia, akasema, 'Mjukuu wangu, hili siyo la majani, hili ni la daktari.' Akaacha meza yake, tukaenda hospitali, tukakaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi mpaka saa nane. Daktari akanikataza mkorogo, akanipa dawa. Kazi sikuwa nayo tena, Mama Daksha akanichukua jikoni kwake. Wiki ya kwanza nilikuwa nakata bamia nimejifunika. Siku moja akaniambia, 'Toa hiyo kanga, mwanangu, mvuke utakuunguza.' Nikatoa. Nikasubiri wenzangu washtuke. Mmoja akaniomba nimpitishie chumvi, basi. Nilienda stoo nikalia peke yangu." Anamgeukia Bwana Anaeli. "Mradi, mheshimiwa, mimi nimeusikia jana ulipokuja kula maharage." Vigelegele.)

Asante, asante sana binti, maiki irudi huku. Kama mlivyosikia, mnufaika wetu ameeleza kwa lugha nyepesi, lakini kitaalamu Bibi Tatu ni mdau, Mama Daksha ni mshirika wa utekelezaji, na lile benchi la hospitali ni miundombinu. Wote hao walikuwa ndani ya mradi pasipo kujijua, na huo ndio ubora wa mradi, kwamba unamfikia mwananchi kimya kimya hata asistuke.

(Katikati ya viti anasimama mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, beseni la mshubiri miguuni: "Mimi nina swali.")

Maswali yatapokelewa kwa maandishi baada ya hotuba.

("Kuandika sijui. Kuuliza najua." Kicheko na makofi.)

Aa, kumbe ni Bibi Tatu mwenyewe. Shikamoo, Bibi.

("Marahaba. Wewe ndiye uliyekuja kuniondoa pale kona mwaka jana, mwezi wa sita. Ukasema nipishe Kituo kijengwe, kikiisha nitapewa kizimba changu cha biashara, cha kwanza mlangoni. Nikakupisha, sikubishana. Mpaka leo natembeza beseni kichwani, kutoka Mchafukoge hadi Kariakoo na kurudi, na miguu yangu hii imeniumuka kama maandazi. Nakuuliza, Kituo kiko wapi?")

Swali zuri, na limekuja kwa wakati. Kituo kipo. Kipo katika hatua ya dhana, ambayo wataalamu wanakubaliana kuwa ndiyo ngumu kuliko zote, kwa maana kujenga ni tofali tu. Mnaiona hii picha kwenye bango nyuma yangu: ghorofa tatu, kliniki ya ngozi, jiko la mboga, bustani juu ya paa. Na ule uzio wa mabati pale kona ndio mipaka yake.

(Mama Daksha, bila kusimama: "Bwana Anaeli, mimi nakaa ghorofa ya pili, kila asubuhi nikianika nguo naona ndani ya hayo mabati. Kuna matairi mabovu na paka watatu.")

Kitaalamu, Mama Daksha, hiyo inaitwa nafasi ya upanuzi.

(Mama Daksha: "Umeondoa mtu anayejua mimea, ukaweka paka!" Kicheko kinakatika ghafla, watu wanasimama. Brightness, ambaye hakushuka jukwaani, anasema bila maiki: "Basi arudi kona yake." Mtu anadakia: "Arudi!" Turubai zima: "Arudi! Arudi!" Waandishi wote wawili wananyanyua kamera.)

Tulieni. Tulieni, ndugu wananchi. Kaeni. Jamani, mimi ni kiongozi msikivu, sihitaji kupigiwa kelele ili nisikie, ingawa nimesikia vizuri zaidi baada ya kelele. Kamera hizo zinarekodi? Zinarekodi. Basi ninatamka rasmi, kwa mujibu wa kikao cha dharura nilichokaa mwenyewe hapa hapa nilipo, akidi ikiwa imetimia, kwamba Bibi Tatu arudi kwenye kona yake leo hii, na asiondolewe tena na mtu yeyote, nikiwemo mimi, na zoezi hilo litatambulika kama awamu ya pili ya mradi.

(Vigelegele. Bibi Tatu anaketi kwanza, anafuta macho kwa upindo wa kanga, kisha anasema, "Haya, twendeni kabla hajabadilisha." Mchukuzi anapakia beseni kwenye mkokoteni. Brightness anashuka, anamshika mkono, na watu wanawafuata kuelekea kona. Baada ya muda mfupi unasikika mlio wa mabati yakivutwa pembeni.)

Ndugu wananchi, hotuba haijaisha. Ndugu wananchi! Naona viti vingi vimebaki wazi, na hiyo ni dalili kwamba utekelezaji umeanza kabla ya muda uliopangwa. Kwa nyinyi mliobaki, naomba tupate kaulimbiu. Nikisema "Ngozi!" mtaitikia "Mmea!" Ngozi! (Mwandishi mmoja: "Mmea.") Tumbo! (Mwandishi wa pili anakunja waya wa maiki yake.) Mmea. Nimewaitikieni.

Kwa kumalizia, nisome shukrani kama zilivyoandikwa, kwa kuwa ukurasa huu wa mwisho umechapwa asubuhi hii na sikupata nafasi ya kuupitia. Nawashukuru wenye turubai. Namshukuru fundi aliyechora bango. Nashukuru meza kuu kwa kutosinzia. Na kwa namna ya pekee namshukuru katibu muhtasi wangu, Bi Candida, aliyechapa hotuba hii yote kwa uaminifu, na ambaye hapa chini ameniandikia kwa kalamu, nanukuu: "Bosi, nimepekua makabati yote matatu, faili la mradi sijaliona. Barua ya kuanzisha mradi haipo, hati ya kiwanja haipo, na makao makuu wanasema Kituo hicho hawajawahi kukisikia. Nilichopata ni hotuba za uzinduzi tu, nne. Hii ya leo nifungulie faili la jina gani?"

(Mjumbe mmoja wa meza kuu anakohoa.)

Bi Candida, andika "Uzinduzi wa Tano." Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.